Mcheza ni kijana, mwenye tiketi ni nani?

Ukikaa Jaws Corner wakati wa kahawa ukataja kriketi, utachekwa. Mmoja atasema huo ni mchezo wa Wahindi. Mwengine atadakia kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi, siku tano juani na mwisho hapana mshindi. Leo nawaomba vijana wenzangu mnistahimilie, kwa sababu ndani ya mchezo huo mnaoucheka imo kesi yetu sisi Wazanzibari, tena imo yote, na ushahidi wake.

Mechi kubwa ya kriketi inaitwa Testi. Inachezwa mpaka siku tano, na timu ikienda ugenini kucheza Testi haiendi siku mbili ikarudi. Inazunguka nchi ya watu kwa wiki nyingi, na huko inatambulikana kuwa ni watu fulani, wametoka pahala fulani. Nchi zenye ruhusa ya kucheza Testi duniani hazizidi 12. Haikuombi kombe, haikuombi medali. Ukipewa Testi, umepewa heshima ya kuhesabiwa.

Sasa tujiulize: Afrika Mashariki imewahi kuhesabiwa? Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilipochezwa Uingereza, palikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Walicheza mechi tatu, wakapigwa zote tatu. New Zealand iliwashinda kwa mikimbio 181. India haikupoteza hata wiketi moja. England iliwatoa kwa mikimbio 94 tu, ikashinda kwa tofauti ya 196.

Lakini aibu si kufungwa. Tazama orodha ya timu ile. Karibu wote walikuwa Waasia. Kwa nini? Kwa sababu mchezo ulifungiwa ndani ya klabu na skuli za wenyewe. Hapa kwetu mambo yalikuwa vile vile. Enzi za Muingereza kriketi ilichezwa Mnazi Mmoja, kila jamii na klabu yake: Wazungu na yao, Wagoa na yao, Wahindi na zao. Mtoto wa Ng'ambo alisimama pembeni akatazama. Baada ya 1964 wengi wa wenye klabu waliondoka, na mchezo ukaondoka nao. Kitu kinachomilikiwa na wachache hufa siku wachache wale wanapofunga virago.

Kenya walizinduka mapema. Klabu za Nairobi zilipofungua milango, wakatoka akina Steve Tikolo, Maurice Odumbe, Martin Suji na Thomas Odoyo. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu. Watu wakasema wamekwisha. Wakaingia West Indies, na ndani yao yumo Brian Lara, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mikimbio 375 katika Testi moja. West Indies nzima ikatolewa kwa 93! Mwaka 2003 Kenya hao hao wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, wakacheza na India mjini Durban.

Je, walipewa Testi? Hawakupewa. Bangladesh ilipewa mwaka 2000, Ireland na Afghanistan mwaka 2017. Kenya ilibaki mlangoni, na mlangoni pale ikaoza. Wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo, viongozi wakagombana, nyota mmoja akafungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa mambo ya wacheza kamari, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Hapa pana mafunzo mawili, msiyatenganishe. La kwanza, kipaji bila ya kiti mezani hukauka. La pili, nyumba ikiwa chafu hata ukipewa kiti hukikalii. Nitayarudia yote mawili, maana sikuja hapa kuwasema wengine tu.

Sasa tuje kwenye timu iliyowafunza wote. West Indies! Ndugu msomaji, chukua ramani uitafute nchi inayoitwa West Indies. Huioni. Haipo. Hapana rais wa West Indies wala pasipoti ya West Indies. Pana Jamaica, Barbados, Trinidad, Guyana na visiwa vyengine, baadhi vimejitawala na baadhi bado viko chini ya wakubwa wa Ulaya. Lakini toka mwaka 1928 timu hiyo inakwenda ugenini kucheza Testi, na dunia nzima inasimama kuipokea. Hakuna aliyewauliza bendera yao iko Umoja wa Mataifa au haiko.

Na hata wao walipigania. Kwa miaka zaidi ya thelathini wachezaji weusi ndio waliobeba timu, lakini nahodha wa safari alikuwa mweupe. Mpaka magazeti yalipopiga kelele ndipo Frank Worrell akapewa kuiongoza timu nzima kwenda Australia mwaka 1960. Anayecheza ni mmoja, anayetajwa ni mwengine. Hiyo habari ya kwao, au ya kwetu?

Maana sisi tunayo timu. Zanzibar Heroes ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995 mjini Kampala, tena mbele ya Uganda wenyewe. Disemba 2017 iliifunga Tanzania Bara 2-1, ikaitoa Uganda, ikaenda sare ya 2-2 na Kenya kwenye fainali Machakos, ikapoteza kwa penalti tu. Mji mzima ulikesha. Lakini baada ya hapo Heroes inakwenda wapi? Haiendi Kombe la Afrika. Haiendi kufuzu Kombe la Dunia. Inarudi nyumbani kusubiri mashindano ya jirani.

Mwaka huo huo wa 2017, mwezi wa Machi, CAF ilitupokea Addis Ababa kuwa mwanachama wa 55. Vijana walicheza barabarani. Mwezi wa Julai, kule Rabat, wakatuvua. Miezi minne! Hata mtoto hakopeshwi kanga kwa muda huo. Sababu waliyotoa ni kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Hivi kweli? Uingereza ni nchi moja, ina timu nne ndani ya FIFA. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark, vina watu wasiofika elfu 60, na ni mwanachama toka 1988. Curaçao iko ndani ya ufalme wa Uholanzi na imefuzu Kombe la Dunia la 2026. Zanzibar, kwa hesabu ya sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 1.9. Sisi ndio tusiotosha?

Wakubwa watajibu kuwa hao waliingia zamani kabla ya sheria kukazwa. Jibu hilo lina ukweli, na sitalikimbia. Lakini ipo Gibraltar. Jabali dogo chini ya Uingereza. Walianza kudai uanachama mwaka 1997, wakakataliwa, wakaenda mahakama ya michezo, mahakama ikawapa haki, UEFA ikawakataa tena, wakarudi tena. Mwaka 2013 wakaingia UEFA na mwaka 2016 wakaingia FIFA. Wao walikuwa na watu wa kuwapigania. Sisi anatupigania nani? Michezo haimo hata katika orodha ya mambo ya Muungano. Katiba ya Zanzibar baada ya marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi. Basi wakili wetu yuko wapi? Faili letu liko meza gani? Au tunahutubiwa uchaguzi ukikaribia, na ukishapita tunaambiwa tuwe na subira?

Haya, na nyumba yetu je? Nilisema nitairudia. Uwanja wa Amaan umekarabatiwa, unang'ara, na mwaka 2025 ulipokea mechi za CHAN. Sikatai, ni jambo jema. Lakini Amaan ni moja. Mtoto wa Kwahani, wa Mwembeladu, wa Makunduchi, hafundishwi mpira Amaan. Anafundishwa kwenye kiwanja cha vumbi ambacho kesho ataona kimezungushiwa mabati, na keshokutwa pana jengo. West Indies hawakuanza na viwanja vya taa. Walianza na ufukwe na uchochoro, lakini uchochoro ule hakuja kigogo kuuza. Na Kenya wanatukumbusha kuwa chama kinachogombania posho hakiwezi kulinda kipaji cha mtu.

Kwa hiyo madai yetu ni mawili, na yote yanataka majibu ya maandishi. Serikali zetu mbili zituambie: ombi la Zanzibar CAF na FIFA limefika wapi toka 2017, na nani analisimamia? Pili, kila wilaya ya Unguja na Pemba iwe na viwanja vilivyopimwa, vyenye hati, visivyouzika. Anayedai la kwanza akasahau la pili anataka safari za viongozi. Anayetoa la pili akakataa la kwanza anataka tucheze tukijificha.

Vijana, mkikaa barazani jioni muulizeni mbunge wenu na mwakilishi wenu maswali haya mawili. Msimuulize kwa matusi. Muulizeni kwa tarehe na kwa mwaka, kama nilivyofanya hapa. Testi ni siku tano, na mwenye kuishinda ni yule asiyechoka siku ya nne. Sisi tumesimama uwanjani miaka mingi. Hatutoki.