Harambee ya Figo Tunaijua, Kipimo cha Mkojo Hatukijui

Mwezi wa tatu babangu aliambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Alikuwa ameenda tu kuangaliwa macho. Akarudi na karatasi: sukari kabla ya kula 11.8, na ile ya miezi mitatu asilimia 9.2. Akaikunja akaiweka mfukoni, akaitisha chai, akatia vijiko vitatu vya sukari kama kawaida.

Ndani ya siku mbili kila mtu kwetu alikuwa daktari. Shangazi alileta mitishamba kwenye chupa ya soda. Jirani alisema ugali ndio adui. Mjomba naye akasema, "Hiyo metformin inaua figo, wachana nayo."

Hapo kwa mjomba ndipo nataka tukae kidogo, maana hii stori nimeisikia hadi kwa matatu. Metformin haiui figo. Figo zikishachoka, daktari hupunguza dawa hiyo au kuisimamisha, kwa hivyo watu wanaona mgonjwa ameharibika na wanalaumu tembe. Kinachoharibu ni sukari yenyewe kukaa juu miaka na miaka, ikisaidiwa na presha. Figo ni vichujio vidogo vidogo. Sukari na presha vikivichakaza, protini inaanza kupenya kwenye mkojo. Na husikii kitu! Hakuna maumivu. Ukingoja miguu ivimbe, umechelewa sana.

Ndio maana nasema mtu akiambiwa ana kisukari cha aina ya pili, siku hiyo hiyo aulizie vipimo viwili: damu ya kreatinini, inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani, na mkojo wa kuangalia protini inayoitwa albumini. Halafu arudie kila mwaka. Usiseme "si nimejua juzi tu." Umejua juzi, lakini ugonjwa huenda umekaa mwilini miaka kadhaa ukijificha.

Babangu hakuambiwa hivyo. Ni mimi nilimbeba kwa boda tukarudi. Presha ilikuwa 158 kwa 94, na albumini imeanza kupenya. Daktari wa pili akamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Mzee akasema, "Ya goti tu." Ya goti tu ni diclofenac, kila jioni, miaka miwili, kutoka kwa chemisti, bila kuandikiwa na mtu. Dawa za maumivu za aina hiyo, pamoja na ibuprofen, ndizo zinazoumiza figo za mtu kama yeye. Sisi tulikuwa tunapigana na metformin, na mwizi yuko ndani ya nyumba.

Sasa ameacha hiyo ya goti, na amepewa losartan, dawa ya presha ambayo pia inakinga figo. Lengo aliloandikiwa ni presha chini ya 130 kwa 80 na sukari ya miezi mitatu chini ya asilimia 7. Ugali bado anakula, lakini saizi ya ngumi. Nusu ya sahani ni sukuma au kabichi, inayobaki ni ndengu au omena. Chai haina sukari, na hilo ndilo lilileta vita kuliko yote. Chupa ya shangazi tuliimwaga. Hakuna aliyejua ndani kuna nini, na figo ndizo zingelipa.

Lakini kinachoniuma ni hiki. Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Mtu akifika mahali pa kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, grupu ya WhatsApp inafunguliwa usiku huo huo. Till inatumwa, mweka hazina anachaguliwa, ng'ombe anauzwa. Vizuri. Lakini ni nani amewahi kufungua grupu ya kumnunulia mzee vijiti vya kupima sukari? Au ya kulipia kipimo cha mkojo? Tunachangia mwisho wa safari, mwanzo tunamwachia mgonjwa peke yake na karatasi mfukoni.

Kwetu tumebadilisha. Ndugu zangu wanne na mimi tunatoa kidogo kila mwezi, na mweka hazina ni shangazi, yule wa chupa. Mpigie mzee wako leo. Usimuulize tu kama ameamka salama. Muulize, "Baba, mkojo ulipimwa lini?"