Ghuba ya Mwanza Si Mahali pa Kuvuka Tu

Kila likizo inapokaribia, walimu na watumishi wa Kalangalala waliojaliwa kuweka akiba kidogo huzungumza habari za Serengeti, Unguja au Dar es Salaam. Hakuna ubaya. Lakini ipo nchi ambayo wao huivuka mara kwa mara, mafaili yakiwa mapajani, pasipo kuitazama. Nayo ni nchi iliyo kati ya Geita na ghuba ya Mwanza.

Mtu akishika njia ya Sengerema asubuhi, hukutana na mashamba ya mihogo, mahindi na mananasi, kisha majabali yaliyopandana kama kwamba yamepangwa na mikono. Mbele yake, huko Busisi, hutokeza maji. Ghuba hapo ni nyembamba na ndefu, na mgeni asiyeambiwa huweza kudhani kwamba ni mto mkubwa. Zamani wasafiri walikaa wakingoja kivuko, na kungoja huko kuliwalazimu kutazama. Tangu Juni 19, 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, gari hupita kwa dakika chache tu. Tumepata nafuu kubwa, ila tumepoteza ule muda wa kutazama.

Na la kutazama lipo. John Speke, aliyetoka Kazeh, yaani Tabora, alifika pande hizi na kuliona ziwa Agosti 3, 1858, akatangaza Ulaya kwamba ndilo chimbuko la mto Nile. Wapagazi waliombebea mizigo na viongozi wa msafara waliojua njia hawakutangazwa. Miaka 73 baadaye Waingereza waliufuata mto huo huo kwa njia ya anga. Februari 28, 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na kituo chake cha mwisho kikawa Mwanza. Naam, Mwanza hii yetu.

Safari hiyo haikuwa ya ndege moja. Barua zilihamishwa kutoka ndege hadi garimoshi, na kutoka garimoshi hadi ndege nyingine, mpaka Khartoum. Hapo zilipokelewa na ndege za kutua majini, za aina ya Calcutta, zenye injini tatu na tumbo lililoundwa mfano wa mashua. Kusini ya Khartoum mto Nile hupotea katika vinamasi vya Sudd, ambako ndege ya magurudumu haina pa kutua. Bali maji ya mto na ya ziwa ni kiwanja kisichohitaji kufyekwa. Ufahari wa Mwanza haukudumu. Mwaka 1932 njia iliporefushwa hadi Cape Town, ilipita Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na mji wetu ukaachwa kando.

Nimetaja kufyeka kwa makusudi. Viwanja vya njia ya Cairo hadi Cape vilivyotayarishwa mwaka 1919, Tabora kikiwamo, vilitengenezwa na vibarua Waafrika waliong'oa visiki na kubomoa vichuguu vya mchwa kwa majembe. Februari 1920 ndege iliyofadhiliwa na gazeti la The Times la London ilianguka hapo Tabora, na historia ya urubani imeyahifadhi majina ya waliokuwa ndani yake. Majina ya walioshika jembe tutayapata wapi? Mwalimu anayesomesha habari za ukoloni bila kuuliza swali hili anasomesha nusu ya somo.

Wala jambo hili si la kale tu. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka, na waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Katika zama za ndege za majini mashua ilikuwa sehemu ya safari, kwa kuwa abiria hakuweza kufika pwani bila hiyo. Leo ndege hutua nchi kavu, lakini viwanja vya Bukoba na Mwanza vyote viko kando ya ziwa lile lile, na mvuvi bado ni mtu wa kwanza kuitwa na wa mwisho kupewa vifaa. Kwa maoni yangu, mafunzo ya uokoaji na maboya vianzie kwenye mialo, visianzie ofisini.

Kwa hiyo shule za Geita zinapopanga ziara, zisikimbilie mbali kabla ya kufika Busisi. Basi la kukodi kwa siku moja latosha. Wanafunzi washuke kabla ya daraja, wachore ramani ya ghuba, waoneshwe upande ndege za mwaka 1931 zilikotokea, kisha waende kwenye mwalo wawasikilize wavuvi. Wapo pia mabaharia waliofanya kazi katika vivuko kabla ya daraja, watu wanaoufahamu upepo wa ghuba hii saa kwa saa. Na waalikwe kuzungumza na madarasa mwaka huu, kabla kazi nyingine hazijawatawanya.