Kilio Kiko na Kaye, Mugonjwa Hana

Katika Katanga yetu kila familia iko na kaye ya kilio. Mutu akifa, turubai linasimamishwa, viti vinakodishwa, na kijana mwenye mwandiko mzuri anakaa pa meza ndogo: jina, kiasi cha franga, sahihi. Asiyetoa anajulikana. Lakini mutu yule yule alipolala miezi mitatu lopitali akikosa franga za dawa, ni nani aliyefungua kaye? Sisi tunasema bila kuficha: desturi hii imegeuzwa kichwa chini, na wanaoumia wa kwanza ni wazee wanaokaribia pensheni.

Tunajua jibu la wengi: «Bima haiko ya kwetu, ni mambo ya bazungu. Bima yetu ni batoto.» Tunawaheshimu wanaosema hivyo, ila hatukubali. Kaye ya kilio ni nini, kama si bima? Unatoa leo kwa ajili ya mwenzako ili kesho watoe kwa ajili yako. Kasoro yake ni moja: inalipa wakati mwenyewe hawezi tena kula. Na hao watoto, wangapi wako na diploma bila kazi, nao wanatafuta franga za kusomesha watoto wao? Kumfanya mtoto kuwa benki ni kumtwika mzigo ambao hakuuliza.

Tukumbuke yaliyotupata. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na kisha Gécamines baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, lopitali na masomo ya watoto. Wazee walisema: «Kazi njo baba, njo mama.» Mwaka 1986 kampuni ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 470 000 za shaba. Kisha mambo yakaanguka. Mwaka 2003 na 2004, baada ya miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10 000, wengi wao wakiwa na miaka zaidi ya 25 ya kazi, waliondoka kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ule watu waliozoea kuuita «départ volontaire». Walipewa malipo ya mara moja. Baba akafa, mama akafa: mshahara ukaisha, na haki ya lopitali ya kampuni ikaisha nayo.

Malipo yale yalikwenda wapi? Franga zilipofika, ukoo wote ulifika. Huyu alidai deni la zamani, yule alileta habari ya ndoa, mwingine alishauri gari la taksi. Mara franga zimekwisha, na muzee bado yuko na miaka mingi ya kuishi.

Nani aliinua nyumba hizo tena? Mara nyingi ni wamama, kwa makala, kwa unga, kwa mboga za bustani, na kwa kitemo, kile ambacho wa Kinshasa wanaita likelemba. Benki ilikuwa imepoteza imani ya watu: mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3 000 000 za zamani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini kitemo nacho kinalipa kwa zamu, na ugonjwa haungoji zamu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila familia ifungue kaye ya pili, ya walio hai. Nusu ya kile tunachotoa pa kilio iingie humo, kwa ugonjwa na uzee. Vitambaa vya sare na pombe vikipungua, marehemu hatapungukiwa heshima.

Pili, malipo ya mwisho ya kazi yawe na utaratibu: kulipa madeni, kutengeneza nyumba, kuweka chakula cha miezi sita, kisha biashara ndogo inayojulikana. Ndugu wanafuata nyuma, hawatangulii.

Tatu, tutafute karatasi zetu mapema. INSS ya mwaka 1961 imekuwa CNSS tangu 2018. Kwa pensheni, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na mwajiri anaongeza asilimia 5. Lakini kuna waajiri wanaokata bila kupeleka. Anayengoja siku ya mwisho ndipo aulize, atakuta miaka yake haikuandikwa. Aulize miaka mitano mbele. Na wasio na mwajiri wajue kwamba sheria ya mwaka 2017 juu ya mutuelle inawapa njia ya kuandikisha chama chao cha kusaidiana, na kwamba tangu sheria ya mwaka 2015 bima haiko tena mali ya SONAS peke yake.

Watatuita wavunja desturi. Lakini kijijini, mwenye shamba akiugua, wengine walimlimia. Hawakungoja afe ndipo walete majembe. Hiyo ndiyo desturi. Sisi tumeshika mwisho wake tu, na tumeacha mwanzo.

Basi, ndugu wasomaji, tuanze pa kilio kinachofuata. Kabla ya kufunga kaye ya marehemu, tuulize pale pale, mbele ya watu wote: ni nani kati yetu anaumwa leo? Na jina lake tuliandike la kwanza katika kaye mpya.