Anayeuliza si Adui wa Maendeleo

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu insha ya kuandika juu ya faida za simu ya mkononi. Insha arobaini zilifika mezani pangu. Thelathini na tisa zilisifu: simu hupeleka fedha, huleta habari, hukutanisha jamaa walio mbali. Sikuona kosa, maana yote hayo ni kweli. Insha moja tu, ya msichana aketiye nyuma, ilimalizika kwa swali: simu ikifa, huzikwa wapi? Nilipolisoma swali hilo mbele ya darasa, vicheko vilipaa, na kijana mmoja akasema kwa kujiamini kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na watu wasiopenda maendeleo. Ewe msomaji, kicheko kile ndicho kilichonishikisha kalamu.

Nasema wazi tangu mwanzo: anayeuliza gharama ya chombo si adui wa maendeleo. Adui ni yule atakaye chombo kisiulizwe.

Wako watu ambao swali kama hilo ndiyo kazi yao. Mwandishi wa sayansi wa kujitegemea hana ofisi wala mshahara wa mwezi. Husoma taarifa za wataalamu ambazo wengi wetu hatuzisomi, huenda mahali penyewe akatazama kwa macho yake, kisha huandika makala na kuyauza kwa gazeti litakalokubali kuyachapa. Makala yakikataliwa, nauli yake imepotea. Akishtakiwa, aghalabu hana wakili wa kumtetea. Mwenye kiwanda, kwa upande wake, ana fedha za kutangaza sifa za bidhaa yake usiku na mchana. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kwamba kila kitangazwacho ni kibaya. Nasema kwamba kila kitangazwacho chastahili kuchunguzwa na mtu asiyelipwa na mtangazaji.

Chukua habari ya Rachel Carson wa Marekani. Alikuwa mtaalamu wa viumbe wa majini katika idara ya serikali ya samaki na wanyamapori, na mwaka 1952 aliiacha kazi hiyo ili aishi kwa kalamu. Siku hizo DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikuwa imevikwa taji. Paul Müller wa Uswisi, aliyegundua uwezo wake wa kuua wadudu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na eropleni zilikuwa zikiinyunyiza juu ya mashamba, misitu na hata nyumba za watu. Carson alikusanya taarifa za wataalamu kwa miaka kadhaa, na mwaka 1962 akatoa kitabu kiitwacho Silent Spring. Miongoni mwa mengi, alieleza yaliyotokea Michigan, ambako miti ilinyunyiziwa DDT ili kuua mbawakavu waenezao ugonjwa wa miti hiyo. Majani yalipopukutika, nyungunyungu waliyala. Ndege walipowala nyungunyungu, ndege wakafa. Hakuna mtu aliyekusudia kuwaua ndege, lakini sumu iliwafikia, kwa kuwa katika maumbile kila kinywa kina kinywa kingine nyuma yake.

Je, alishukuriwa? La hasha! Watengenezaji wa dawa walimshambulia. Aliitwa mzushi wa hofu, na wapo waliomtia ila kwa uanamke wake badala ya kujibu hoja zake. Hata hivyo kamati ya wanasayansi wa Rais Kennedy ililichunguza jambo lenyewe, na taarifa yake ya mwaka 1963 ikaunga mkono sehemu kubwa ya maneno yake. Carson alifariki mwaka 1964. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT nchini humo.

Hapa mpinzani atainuka na kuuliza: na malaria je? Swali ni jema, na jibu lipo. Carson hakutaka dawa zote za wadudu ziachwe. Alipinga kuzimwaga ovyo bila kujua mwisho wake, na alionya kwamba wadudu huizoea dawa itumiwayo bila kiasi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, uliobana matumizi ya DDT duniani, uliacha nafasi ya kuitumia dhidi ya wadudu waenezao maradhi. Ndiyo faida ya kuuliza: swali halikuivunja dawa, bali liliiweka mahali pake.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Njoo Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini mjini Mombasa. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Kutumia tena kilichochakaa ni kazi yenye jina zuri. Ni nani angeipinga? Lakini moshi na maji machafu ya kiwanda yaliingiza risasi katika makazi ya watu. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Aliposhughulikia taarifa ya athari za kiwanda kwa mazingira, alishauri kihamishwe. Ushauri wake haukufuatwa. Kisha mtoto wake mwenyewe akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyu aliuliza, akazidi kuuliza, ijapokuwa alikamatwa na kutishwa. Waandishi wa habari, wa humu nchini na wa ng'ambo, waliipeleka sauti yake mbali. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo mwezi wa Desemba 2024. Ushindi mkubwa huo! Lakini fedha hazimrudishii mtoto ubongo. Kama swali lingalisikilizwa siku ya kwanza, gharama yake ingalikuwa kuhamisha kiwanda tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi turudi kwa msichana wangu. Simu ikifa huzikwa wapi? Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Sehemu ya takataka hizo huishia majaani, ambako watu huchoma nyaya ili wapate shaba, nao huvuta moshi wa sumu. Na swali hilo lina pacha wake: simu ilizaliwa wapi? Betri nyingi za simu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Huko Kolwezi, kwa watu wasemao Kiswahili kama wewe, wachimbaji wadogo, na watoto miongoni mwao, wameingia mashimoni kuitafuta. Nami sijitoi lawamani: katika mtoto wa meza yangu mna simu tatu zilizokufa, wala sijui nizipeleke wapi.

Atakayesema kwamba waandishi nao hukosea amesema kweli. Wapo wanaotia chumvi ili wasomwe. Kwa hiyo usimwamini mwandishi kwa kuwa ametisha, kama usivyopaswa kumwamini mfanyabiashara kwa kuwa amesifu. Mdai kila mmoja ushahidi: amepima nini, amepima wapi, na nani amemlipa? Mwandishi mwema hafurahishwi na msomaji asujuduye. Hufurahishwa na msomaji akaguaye.

Nawe msomaji, kesho utakuwa mhandisi, mkulima, diwani au mnunuzi. Watakuletea mtambo na kukuambia kwamba ni safi. Usiukatae kwa hofu, wala usiupokee kwa vigelegele. Uliza umetoka wapi, unakula nini na utaishia wapi. Wakikucheka, kumbuka kwamba kuuliza si ujinga. Msichana yule nilimpa alama ya juu kuliko wote, na darasa liliponiuliza sababu, niliwaambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeimaliza habari ya simu.