Mwalimu Aliyeondoka na Ulimi wa Wakristu

Tangu mwezi wa Julai 2025, ilipojulikana ya kuwa Florent Ibenge amekubali kazi ya kufundisha timu ya Azam ya Dar es Salaam, ubishi wa zamani umefufuka mbele ya milango ya makanisa yetu. Misa ikiisha, kabla mishumaa haijazimwa, vijana na hata wazee wa baraza wamekwisha kugawanyika makundi mawili. Hawa wanahesabu vikombe, wale wanahesabu aibu. Ubishi wa namna hiyo si dhambi. Mtu aliyefanya kazi mbele ya macho ya taifa zima, kazi yake itapimwa na taifa zima, naye anajua. Ninachopinga ni neno jingine ambalo hufuata ubishi ule kama fisi afuatavyo kundi: neno «msaliti». Nalo nimelisikia kwa watu wanaopokea Komunyo.

Tutazame kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaopiga kelele hawakuihesabu. Ibenge, mzaliwa wa Mbandaka, alipewa timu ya taifa mwezi wa Agosti 2014, akiwa tayari mwalimu wa AS Vita Club. Mwanzoni mwa 2015, huko Gine ya Ikweta, Léopards wetu walipata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika. Michezo mitatu ya kwanza yote ilikuwa sare. Kisha, mbele ya jirani zetu wa Brazzaville, tulikuwa nyuma kwa magoli mawili bila jibu, tukashinda manne kwa mawili. Nani amesahau jioni ile? Mwaka uliofuata, mjini Kigali, tulitwaa kombe la CHAN, lile la wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, kwa kuifunga Mali 3 kwa 0.

Haya ni ya mkono wa kuume. Ya mkono wa kushoto nayo yapo, wala sitayaficha. Septemba 2017, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, tuliongoza 2 kwa 0 mbele ya Tunisia. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na tano, tukaruhusu magoli mawili upesi upesi. Mwisho wa hesabu Tunisia walikuwa na pointi 14, sisi 13, nao wakaenda Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, sisi tukabaki kutazama televisheni. Mwaka 2019, kule Misri, tulitolewa kwa penalti na Madagaska, waliokuwa wanashiriki Kombe la Afrika kwa mara yao ya kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka ule akaiacha timu ya taifa.

Basi, mwenye kusema kwamba alipata mengi, ana ushahidi. Mwenye kusema kwamba alipoteza nafasi kubwa kuliko zote, naye ana ushahidi. Wabishane mpaka jua lizame.

Lakini huku kwetu kusini, hasa kwa wapenzi wa TP Mazembe, kuna wimbo mwingine: eti mtu yule alikuwa mwalimu wa Vita, si wa Kongo, eti aliwapendelea watu wa Kinshasa akawadharau wetu. Wanaosema hivyo nawauliza jambo moja tu. Pale Kigali, magoli matatu ya mchezo wa mwisho yalifungwa na nani? Mawili yalifungwa na Meschack Elia, na la tatu na Jonathan Bolingi. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Mazembe. Na lile goli la tatu mbele ya Brazzaville, lililotutoa katika sare? Ni la Joël Kimwaki, beki wa Mazembe. Na golini alisimama nani? Robert Kidiaba, ambaye kila mtoto wa Lubumbashi alijaribu kuruka kwa makalio kama yeye. Huo ndio upendeleo wa Vita? Mtu akisema uongo usio na dalili yoyote, pengine tutamhurumia. Huyu wetu anasema uongo ambao yeye mwenyewe aliushangilia magoli yake kwa mikono miwili.

Nikubali hapa neno moja la wapinzani wake, kwa kuwa haki ni haki. Mtu mmoja kufundisha timu ya taifa na papo hapo kufundisha klabu kubwa ya Kinshasa, jambo hilo mimi sikulipenda wala silipendi. Lilizaa mashaka hata pale ambapo hapakuwa na kosa. Lakini mtu hajipi kazi mbili mwenyewe. Kuna wakubwa waliompa, na wakubwa hao hawaitwi wasaliti na mtu yeyote.

Sasa tufike penye neno lenyewe. Amesaliti nini? Nao hujibu: «Ametuacha, ameuza akili yake kwa wageni.» Ni kweli alitoka. Mwaka 2021 alikwenda Morocco kufundisha RS Berkane, na mwezi wa Mei 2022 akatwaa nao Kombe la Shirikisho la Afrika, kwa penalti, mbele ya Orlando Pirates. Kisha Al Hilal ya Omdurman. Vita vya Sudan vilipowaka mwezi wa Aprili 2023, timu ile ikawa kama familia iliyokimbia na godoro kichwani: michezo yake ya nyumbani ilichezwa katika nchi za watu, na msimu wa 2024 hadi 2025 ilialikwa kucheza hata katika ligi ya Mauritania. Ninyi mnaosoma haya huko Kivu, sina haja ya kuwaeleza kazi ya kuwaweka watu pamoja namna hiyo. Na katika msimu ule ule Al Hilal walikuwa kundi moja na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa. Wao wakamaliza wa kwanza, Mazembe wakatoka. Hapo ndipo hasira ilipopanda.

Je, mlitaka afanye nini? Apokee mshahara wa Waarabu wale kisha aiachie Mazembe ishinde? Huo ndio ungekuwa usaliti, na wizi juu yake. Mwashi wa Kalemie anayevuka ziwa kwenda kujenga nyumba Kigoma hatumwiti msaliti. Tunamwomba atume fedha. Muuguzi wetu aliyeko Zambia, Dominika tunamwombea. Kwa nini mwalimu wa mpira peke yake afungwe kamba mguuni kama mbuzi?

Na lipo jambo la kuchekesha zaidi. Juni 2019, kule Misri, Uganda walitufunga 2 kwa 0. Mwalimu wao alikuwa nani? Sébastien Desabre, Mfaransa. Mwaka 2022 sisi wenyewe tukamkabidhi timu yetu ya taifa, na mwaka 2024 kule Ivory Coast akatufikisha nafasi ya nne, tukamshangilia, na ilikuwa haki tumshangilie. Hakuna aliyemwuliza kwa nini ameiacha Ufaransa. Mgeni akija kwetu ni mfanyakazi hodari; ndugu yetu akienda kwa wageni ni msaliti. Mizani ya namna hiyo, mwenye duka akiitumia sokoni, tunamwita polisi.

Wengine wataniambia: «Katekista, ni maneno ya mpira tu, hayamwui mtu.» Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita na Mazembe walikutana. Ghasia ikatokea, polisi wakarusha gesi ya machozi, watu wakakanyagana, wapatao 15 wakafa. Sisemi kwamba neno moja liliwaua. Gesi ilikuwepo, na milango, na woga. Nasema ya kuwa chuki ya jukwaani haikuzaliwa siku ile mchana. Ilikuwa imelelewa siku nyingi, barabarani na mezani kwetu, na watu wenye rozari mfukoni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha makosa matatu ambayo sisi tunayachanganya: kumhukumu mwenzako moyoni bila msingi wa kutosha, kufunua kosa lake la kweli bila sababu ya haki, na kumzushia uongo unaoharibu jina lake. Kusema «alikosea mbele ya Tunisia» hakumo katika hayo. Kosa lile lilitendwa hadharani. Kusema «aliuza mchezo», neno ambalo mwalimu wowote wa Kongo hulipata kila akishindwa, bila shahidi wala karatasi, kumo katika la tatu. Na dhambi hiyo ina deni ambalo wengi hawalijui, au wanajifanya hawalijui. Mwizi wa baiskeli akisamehewa kitubioni, baiskeli lazima irudi kwa mwenyewe. Jina la mtu ni vivyo hivyo. Padri atakuondolea dhambi, lakini wale kumi uliowadanganya chini ya mwembe bado wamedanganyika, nawe ni juu yako kuwarudia. Aliyeandika «msaliti» katika kikundi cha WhatsApp cha vijana wa parokia, aandike tena katika kikundi kile kile, kwa herufi kubwa ile ile. Mbona kwa uongo simu huwa na moto, na kwa kusahihisha hukosa moto?

Juu ya dakika zile za mwisho mbele ya Tunisia, hapo niko tayari kubishana na yeyote. Mimi naona timu ilirudi nyuma mapema mno, na neno hilo la kurudi nyuma ni juu ya mwalimu. Mwenye hoja nyingine anikute baada ya Misa ya pili.