Mvua si kisingizio: Tufundishe udereva wa masika

Wahenga walisema kwamba kuteleza si kuanguka. Msemo huo una hekima, na umewafariji wengi waliokosea njia katika maisha. Hata hivyo, waliousema walikuwa wakienda kwa miguu. Mtu aliyeshika usukani, watoto wa shule wakiwa nyuma yake na mvua ya masika mbele yake, hana budi kujua kwamba kwake yeye kuteleza na kuanguka ni hatua moja tu.

Nimeshika kalamu kwa sababu kila mwaka, ifikapo Machi au Aprili na masika yakaanza kuinyeshea Kwale, sisi wakazi wa Pwani ya Kusini husikia habari zile zile. Gari limeacha njia karibu na Tiwi. Pikipiki imeteleza Ukunda. Matatu limeingia mtaroni kabla ya kufika Msambweni. Na kila mara, kabla hata hatujauliza lolote, tunajifariji kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Mimi nasema kinga ipo, ila hatujaifundisha.

Nayasema haya nikiwa mmoja wa waliokosa somo hilo. Nilijifunza udereva wakati wa kiangazi. Nilioneshwa alama za barabarani kwenye ule ubao wa mji wa mfano, nikasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole, kisha nikazungushwa mjini siku chache na kupewa leseni. Hakuna aliyenitajia mvua. Miezi michache baadaye nilikuwa nikiteremka kutoka mjini Kwale kuelekea Kombani, na manyunyu ya kwanza ya masika yalikuwa ndiyo kwanza yanadondoka. Penye kona nikamwona ng'ombe katikati ya njia. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Magurudumu yakakwama, lakini gari halikusimama; likaendelea kwenda kana kwamba halina dereva, na usukani ukawa mkononi mwangu kama pambo tu. Likaishia mtaroni. Mimi sikuumia, na ng'ombe akajiondokea zake.

Mzee mmoja aliyekuja kusaidia kulisukuma gari aliniuliza, "Mwanangu, hukuona kwamba mvua ndiyo kwanza yaanza?" Sikumwelewa. Nilidhani manyunyu ni mvua ndogo, na mvua ndogo ni hatari ndogo. Kumbe mzee yule, ambaye aliniambia kwamba hajawahi kuendesha gari maishani mwake, alikuwa na elimu niliyoikosa mimi mwenye leseni.

Ukweli ni kwamba wakati wa kiangazi lami hukusanya mafuta yanayovuja kutoka magarini, vumbi, na chembechembe za mpira wa tairi. Matone ya mwanzo hayana nguvu ya kuuosha uchafu huo. Huuchanganya tu ukawa utando mwembamba unaoteleza kama mlenda. Mvua ikishanyesha kwa nguvu na kwa muda, utando huo huondoka. Kwa hiyo dakika za mwanzo, ambazo dereva mgeni huzidharau, ndizo za kuogopwa zaidi. Wenzetu wa nchi za baridi wana theluji na barafu. Barafu yetu sisi ni lami ya Aprili, na udongo wa mfinyanzi wa njia za ndani, kule Kinango na Lunga Lunga.

Walimu wa fizikia watanisaidia hapa. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Gari hilo hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo mita 22 zimekwisha kupita. Kisha breki huanza kazi. Kwenye lami kavu gari lenye tairi nzuri litahitaji mita 36 hivi zaidi kusimama. Kwenye lami iliyolowa huenda likahitaji mita 60 na ushei. Jumla inakaribia urefu wa uwanja wa kandanda. Sasa punguza mwendo uwe kilomita 40. Jumla ile inashuka hadi mita 27 hivi, hata kwenye maji. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini umbali wa kusimama umepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Yupo mwanafunzi wa sekondari asiyeweza kuipiga hesabu hii? Mbona basi huipiga kwenye karatasi ya mtihani tu, kisha akapanda gari na kumshangilia dereva anayekimbia?

Kuna na habari ya tairi. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi si urembo. Kazi yake ni kuyatoa maji yaliyo kati ya mpira na barabara. Tairi likiisha na kuwa kipara, au gari likikimbizwa kupita kiasi, maji hayapati pa kutokea, na gari huelea juu yake kama ngalawa. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi ghafla. Hapo asikanyage breki kwa pupa wala asizungushe usukani. Atoe mguu kwenye mafuta polepole, aushike usukani sawasawa, na kungoja tairi ziishike barabara tena. Kwenye mteremko wa udongo, apunguze gia kabla hajaanza kuteremka, si akiwa katikati. Ama yale magari ya kisasa ambayo breki zake hazikwamishi magurudumu, husaidia kumwachia dereva usukani wake, lakini hayawezi kuikausha barabara.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba nataka vijana wetu wafunzwe ustadi wa kucheza na gari linaloteleza. La hasha! Huko Norway, ambako barafu ni jambo la kila mwaka, iligunduliwa katika miaka ya 1980 kwamba vijana wa kiume waliofunzwa mbinu za kulidhibiti gari kwenye utelezi walipata ajali zaidi badala ya kupungua. Sababu ilikuwa kujiamini kupita kiasi: walipojiona mabingwa wa utelezi, waliufuata. Tangu hapo mkazo ukahamia kwenye kumwonesha mwanafunzi jinsi uwezo wake ulivyo mdogo, ili aogope mapema na kupunguza mwendo kabla ya kona. Hilo ndilo somo tunalolihitaji. Dereva bora wa masika ni yule ambaye hajawahi kulazimika kuonesha ubingwa wake.

Na pale maji yanapoipita barabara, somo ni fupi zaidi: usivuke. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Nasi wa Kwale tuna mito yenye hila. Mto Umba huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania. Mvua inaweza kunyesha huko, na watu wa Vanga wakafurikiwa hali mbingu yao i safi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia katika mto Enziu uliofurika, huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Halikuwa daraja lisilojulikana, wala haukuwa usiku. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Miaka miwili na ushei baadaye, tarehe 18 Machi 2024, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliokuwa katika safari ya masomo kuja Mombasa walifariki huko Maungu, basi lao lilipogongana na lori siku ya mvua. Sina nia ya kumhukumu yeyote. Nawakumbuka marehemu ili walio hai wajifunze.

Basi tufanye nini? Kwanza, shule za udereva zilifanye somo la mvua kuwa la lazima, na mwanafunzi asipewe cheti bila kuoneshwa, kwa mwendo mdogo na mahali salama, tofauti ya kusimama pakavu na kusimama palipolowa. Pili, walimu wa fizikia waitoe hesabu ya breki kitabuni waipeleke barabarani. Tatu, kila shule yenye basi ikague tairi, waipa na taa kabla ya masika, si baada ya mkasa.

La nne ndilo zito kuliko yote. Mwalimu anayeandamana na wanafunzi apewe mamlaka ya kusema, "Tunangoja." Wengi wetu tumekaa ndani ya basi la shule kurudi kutoka michezoni au tamashani, mvua ikipiga vioo, tukiona wazi kwamba dereva anakimbia, na tukanyamaza. Tulinyamaza kwa kuwa dereva ndiye mjuzi, kwa kuwa wazazi walikuwa wakingoja, kwa kuwa mwalimu mkuu angeuliza kwa nini tumechelewa. Ukimya huo ni mazoea yetu, na mazoea yana tabu. Mwalimu mkuu aliyetangaza mapema kwamba hatamlaumu mtu kwa kuchelewa siku ya mvua, amefanya kazi kubwa kuliko vibandiko vyote vya usalama vilivyobandikwa kwenye mabasi.

Nanyi wanafunzi, msingoje kupata leseni. Abiria ana mdomo. Mkipakiwa watatu kwenye pikipiki moja, kinyume cha sheria, na barabara imelowa, shukeni mtembee. Dereva akikimbia, mwambieni kwa adabu: "Baba, tupunguzie mwendo." Akicheka, acheni acheke.

Masika hayana adui wala rafiki. Ndiyo yanayotuotesha mahindi na kutujazia visima, nasi huyaomba yaje. Yakija, tusiyasingizie makosa yetu. Bora kuchelewa kufika kuliko kutofika.