Mtoto wa mbwa afundishwe usafi tangu siku ya kwanza

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mfugaji anataka zizi lilindwe dhidi ya fisi na wezi, na mwenye duka anataka sauti ya kubweka usiku mlango unapoguswa. Kwa sababu hiyo mtoto wa mbwa anapopatikana kwa jirani hupokewa kwa furaha, akawekwa nyuma ya ghala, kisha hakuna anayeshughulika naye tena mpaka awe mkubwa.

Sisi tunaona kuwa hapo ndipo hasara inapoanzia. Katika umri huo mdogo ndipo mbwa anapozoea mahali pa kujisaidia, na asipoonyeshwa atajichagulia mwenyewe. Mara nyingi hupenda palipo laini: juu ya magunia, kwenye majani makavu ya ng'ombe au kwenye tuta la mboga. Akishapazoea hapo, kumhamisha ni kazi kubwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Wapo watakaosema kuwa habari ya kumfundisha mbwa mahali pa haja ni ya watu wa mjini wenye mazulia. Hatukubaliani nao. Mwenye zulia akichafuliwa hufua, lakini mfugaji anaweza kupoteza mifugo.

Kinyesi cha mbwa mwenye tegu hubeba mayai ya minyoo. Mbuzi na kondoo wakila majani yenye mayai ya aina moja ya tegu hao, uvimbe wenye maji huota kwenye ubongo, mnyama huanza kuzunguka mahali pamoja na mwishowe hufa. Wafugaji wa Ngorongoro huuita ugonjwa huo ormilo. Aina nyingine ya tegu huwapata binadamu na kuota uvimbe kwenye ini au mapafu, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Aidha, kuna kimelea kiitwacho Neospora, kilichotambuliwa rasmi mwaka 1988, ambacho hutoka kwenye kinyesi cha mbwa na kusababisha ng'ombe kutupa mimba. Mbwa anayejisaidia kwenye majani ya ng'ombe si mlinzi tena, ni mharibifu.

Kwa mwenye duka hasara ni ya namna nyingine. Mteja akisikia harufu ya mkojo karibu na gunia la mchele hatauliza bei. Wateja Waislamu nao, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, hawatapenda kumkuta mbwa akipitapita kati ya bidhaa. Mbwa wa duka akae uani na afundishwe tangu mwanzo kuwa ndani ya duka si mahali pake.

Kazi yenyewe haihitaji fedha bali utaratibu. Mtoto wa mbwa hujisaidia nyakati zinazojulikana: akiamka, dakika chache baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Nyakati hizo afungwe kamba fupi na apelekwe mahali palepale, kwa njia ileile, na mtu atamke neno lilelile. Akimaliza asifiwe papo hapo na apewe kipande cha dagaa au tonge la ugali. Akisubiri zawadi hadi arudi ndani hatajua amepewa kwa lipi.

Alishwe kwa saa maalumu, mara tatu kwa siku, maana anayekula ovyo hujisaidia ovyo. Usiku alale kwenye boksi au kibanda kidogo chenye nafasi ya kujigeuza tu, kwani kwa kawaida mbwa hapendi kuchafua anapolala. Hata hivyo asifungiwe humo kutwa nzima. Mwenye umri wa miezi miwili huweza kujizuia kwa takribani saa tatu, hivyo katika wiki za mwanzo lazima mtu aamke usiku. Wengi huelewa ndani ya wiki chache, lakini asitegemewe kikamilifu kabla ya miezi minne hadi sita.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu tunatumia fimbo, au tunamsugua mbwa pua kwenye uchafu wake. Mbwa anayechapwa kwa kosa la saa moja iliyopita haelewi kosa, anamwelewa mchapaji tu. Hujifunza kujificha, kisha utakuta uchafu nyuma ya magunia usikoona. Akikutwa anaanza kunusanusa na kuzunguka, abebwe taratibu apelekwe mahali pake. Akiwa amekwisha kuchafua, pasafishwe kwa sabuni kisha siki ili harufu isimrudishe. Tukumbushane pia kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Faida ya mahali pamoja ni kwamba kinyesi kinaonekana na kuondolewa. Kizolewe kila asubuhi kwa koleo na kufukiwa mbali na kisima, bustani na malisho. Mayai ya minyoo ya duara huhitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayezoa kila siku huwahi kabla ya hatari. Anayezoa anawe mikono kwa sabuni, na kinyesi hicho kisifanywe mbolea ya mboga.

Usafi huo uende pamoja na dawa. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa na minyoo, hivyo apewe dawa mapema na kurudiwa kwa ushauri wa mtaalamu. Mweleze kuwa unataka na dawa ya tegu, kwa sababu si kila dawa ya minyoo huwaua. Asitupiwe vichwa wala matumbo mabichi ya mbuzi, maana huko ndiko anakopata tegu. Akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa binadamu karibu haiwezekani kumwokoa.

Ni rai yetu kwa maofisa mifugo wa kata kwamba wanapokwenda kwa mfugaji kutazama ng'ombe, waulize pia habari za mbwa. Kwa msomaji wetu tunasema kabla hujakwenda kumchukua mtoto wa mbwa, chagua mahali pake pa haja na mtu wa kumpeleka. Kama mtu huyo hayupo, mwache kwanza kwa mama yake.